Upasuaji wa kupunguza uzito: Kwa nini wiki sita za kwanza nyumbani ni ngumu kuliko upasuaji wenyewe

Upasuaji wa kupunguza uzito si jambo geni tena Afrika Mashariki. Hospitali binafsi za Nairobi zinautoa. Jijini Dar es Salaam, Hospitali ya Taifa Muhimbili tawi la Mloganzila imekuwa ikiwawekea watu puto tumboni kwa lengo hilo hilo. Wenye uwezo wa kukata tiketi ya ndege wanakwenda India au Uturuki, ambako matangazo ya huduma hii yanawafikia hadi kwenye simu zao.

Matangazo hayo huwa na picha mbili, ya kabla na ya baada. Kati ya picha hizo kuna wiki sita ambazo hazionyeshwi. Katika wiki hizo mgonjwa hunywa maji kwa vijiko, chakula chake husagwa na kuchujwa, na mara nyingi anayemhudumia ni ndugu ambaye hakuwahi kukutana na daktari aliyempasua.

Hapo ndipo penye tatizo ambalo makala hii inalitazama. Upasuaji wenyewe umekuwa salama zaidi kuliko watu wengi wanavyodhani: katika hospitali zenye uzoefu, wanaofariki ni takriban mtu 1 kati ya 1,000. Lakini huduma inayouzwa mara nyingi ni ya saa mbili za chumba cha upasuaji na siku chache za wodini. Kinachofuata huachiwa jiko la nyumbani na zahanati ya mtaani, na wote wawili hawajaandaliwa.

Ni nani wanaohitaji upasuaji huu?

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2022 mtu 1 kati ya 8 duniani alikuwa na unene uliopindukia. Kwetu mzigo huu umewaangukia zaidi wanawake, hasa wa mijini. Utafiti wa kitaifa wa Kenya wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa asilimia 33 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene. Nchini Tanzania, utafiti wa 2015 hadi 2016 ulitoa asilimia 28 kwa wanawake wa umri huo huo.

Si wote hao wanaohitaji kisu. Madaktari hutumia kipimo cha uwiano wa uzito na urefu, maarufu kama BMI. Kwa miaka mingi mwongozo uliofuatwa ulikuwa ule wa Marekani wa mwaka 1991: BMI ya 40 au zaidi, au 35 kwa mtu mwenye ugonjwa unaotokana na unene kama kisukari. Mwaka 2022 vyama vikubwa vya wapasuaji wa fani hii vililegeza masharti hayo, vikapendekeza upasuaji kwa mwenye BMI ya 35 hata kama hana ugonjwa mwingine, na ufikiriwe kwa mwenye 30 ikiwa ana kisukari aina ya pili au matatizo mengine ya aina hiyo. Maana yake ni kwamba wanaostahili kitabibu wameongezeka, na soko limeongezeka pamoja nao.

Tumbo linabaki la ukubwa gani?

Upasuaji unaofanywa zaidi siku hizi ni ule wa kukata sehemu ya mfuko wa chakula. Daktari huondoa asilimia 75 hadi 80 ya mfuko huo, na kinachobaki ni kama bomba lenye umbo la ndizi. Sehemu iliyokatwa haiwezi kurudishwa.

Aina ya pili ina historia ndefu zaidi. Ilianza mwaka 1966 katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, mikononi mwa daktari Edward Mason. Hapa mfuko wa chakula hugawanywa, kikaachwa kifuko kidogo cha juu chenye nafasi ya mililita 30 hivi, yaani vijiko viwili vya mezani. Kifuko hicho huunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba, hivyo chakula huruka sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo. Mgonjwa hula kidogo, na pia baadhi ya virutubisho mwili haupati nafasi ya kuvinyonya kama zamani.

Kuna jambo ambalo huwashangaza wengi: katika wiki za kwanza mgonjwa huenda asisikie njaa kabisa. Homoni ya njaa, iitwayo grelini, hutengenezwa zaidi katika sehemu ya juu ya mfuko wa chakula, na ndiyo sehemu inayoondolewa katika upasuaji wa kukata. Ndugu akiona mgonjwa hataki kula hufurahi, akisema dawa imefanya kazi. Lakini mwili ule ule usiosikia njaa, mara nyingi hausikii hata kiu.

Maji kwanza, na ni kazi ya kutwa

Mtu aliyetoka kufanyiwa upasuaji huu anatakiwa kupata angalau lita moja na nusu ya maji na vinywaji kwa siku. Kwa mtu mzima wa kawaida hizo ni bilauri sita, na hazimtoi jasho. Kwa mwenye tumbo lililovimba na lenye mshono mpya ni hesabu nyingine. Akinywa mililita 30 kila baada ya dakika 15, kwa saa moja atakuwa amepata mililita 120. Ili afike lita moja na nusu atahitaji zaidi ya saa 12. Akilala mchana saa tatu, hesabu imevunjika.

Sasa mweke mtu huyo Mombasa au Dar es Salaam mwezi wa pili, kwenye nyumba ya bati, umeme umekatika. Haishangazi kwamba kuishiwa maji mwilini ni miongoni mwa sababu kuu zinazowarudisha wagonjwa hawa hospitalini, hata katika nchi zenye baridi.

Dalili zake hazihitaji mashine: mkojo mchache wenye rangi ya chai, kinywa kukauka, kizunguzungu anapoinuka kitandani. Chupa yenye alama za vipimo ikiwekwa pembeni, na simu ikawekewa kengele ya kila robo saa, inasaidia kuliko kumwambia mgonjwa "jitahidi kunywa".

Kinachonywewa siku za mwanzo ni maji, supu iliyochujwa isiyo na mafuta, na chai nyepesi isiyo na sukari. Soda haifai kwa sababu ya gesi. Juisi ya miwa na juisi za paketi hazifai kwa sababu ya sukari. Pombe ni marufuku.

Uji hautoshi

Kwetu, mgonjwa hupewa uji. Ndivyo tulivyolelewa: mzazi aliyejifungua, mtoto mwenye homa, mzee aliyelazwa, wote wanaletewa chupa ya uji asubuhi. Kwa hiyo mtu akirudi na karatasi iliyoandikwa "vyakula vya maji maji tu", jiko la nyumbani halina maswali. Unakorogwa uji wa ulezi au wa mahindi, unatiwa sukari vijiko vitatu, na kila mtu anaridhika kuwa mgonjwa anatunzwa.

Uji huo una kasoro mbili kwa mgonjwa huyu. Ya kwanza ni protini. Mwongozo wa kimataifa unataka apate angalau gramu 60 za protini kwa siku, kwa sababu mwili unaopungua uzito kwa kasi hula misuli yake pamoja na mafuta, na kidonda nacho kinahitaji protini ili kipone. Kikombe cha uji mwepesi kina gramu 2 au 3 tu. Mgonjwa akiwa na uwezo wa vikombe vinne kwa siku, amejaza tumbo lake lote na bado ana upungufu wa gramu 50.

Ya pili ni sukari. Kwa aliyefanyiwa upasuaji wa kuunganisha kifuko na utumbo, sukari nyingi huporomoka ghafla kwenye utumbo mwembamba. Ndani ya nusu saa moyo unakwenda mbio, jasho linamtoka, tumbo linanyonga na anaharisha. Madaktari huiita hali hiyo dampingi. Kuna ile inayochelewa pia, saa moja hadi tatu baada ya kula, ambapo sukari ya damu hushuka na mtu akatetemeka au kuishiwa nguvu. Familia isiyojua hudhani ameshikwa na malaria, au humpa kitu kitamu zaidi ili "apate nguvu".

Supu ya mifupa nayo inastahili kusemwa. Ina sifa kubwa, na kwa maji na chumvi inafaa. Lakini protini iliyomo ni kidogo, na sehemu kubwa ni ile ya gegedu na ngozi, ambayo peke yake haijengi mwili. Supu ya kongoro juu ya hapo ina mafuta ambayo tumbo jipya haliyapokei vizuri. Nyama yenyewe inapaswa kuingia ndani ya supu, ikiwa imesagwa.

Je, gramu 60 zinapatikana bila kununua unga wa protini kutoka nje, ambao bei yake si ya kila mtu? Zinapatikana, ila kwa hesabu. Yai moja lina gramu 6. Maziwa robo lita yana gramu 8, na yakikorogwa na vijiko vitatu vya maziwa ya unga yasiyo na mafuta, kikombe kile kile hufikia gramu 16 hivi. Samaki aliyepikwa, gramu 100, ana gramu 20 au zaidi. Dagaa waliokaushwa, wakisafishwa na kusagwa kuwa unga laini, ndio chakula cha bei nafuu chenye protini nyingi kuliko vyote sokoni: zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Kijiko kimoja cha unga huo ndani ya supu iliyochujwa kinafanya kazi kubwa kuliko kikombe kizima cha uji.

Maziwa hayawafai wote. Watu wazima wengi wa Afrika hawameng'enyi vizuri sukari ya maziwa, na upasuaji unaweza kuizidisha hali hiyo. Dalili ni gesi na kuharisha. Wengi wa hao huvumilia mtindi, au mala kama wanavyoita Kenya, usiotiwa sukari.

Kutoka supu hadi ugali

Hospitali hazifanani katika ratiba, na mgonjwa afuate ya kwake. Kwa ujumla, siku moja au mbili za mwanzo ni maji na vinywaji vyepesi vinavyopitisha mwanga. Hadi mwisho wa wiki ya pili ni vinywaji vizito kidogo kama maziwa, mtindi mwepesi na supu iliyosagwa na kuchujwa. Wiki ya tatu na ya nne ni vyakula vilivyopondwa hadi vikawa laini kama uji mzito: mayai, samaki bila miba, maharage au choroko zilizotolewa maganda, boga, parachichi kidogo. Wiki ya tano na ya sita ni vyakula laini visivyosagwa. Baada ya hapo ndipo chakula cha kawaida huanza kurudi, kimoja baada ya kingine.

Sababu ya ngazi hizi mara nyingi hufahamika vibaya. Watu hudhani supu ni ya kumkondesha mgonjwa, hivyo anayeona amekonda vya kutosha hujiruhusu kipande cha nyama siku ya kumi. Ukweli ni kwamba ngazi zimewekwa kwa ajili ya mshono. Tumbo limebanwa kwa pini ndogo za chuma kwenye mstari mrefu, na mstari huo unahitaji wiki kadhaa kushikana. Kipande kigumu au kutapika kwa nguvu huongeza shinikizo ndani ya bomba jembamba ambalo bado lina uvimbe.

Ugali, wali, chapati na mkate laini ndivyo vinavyosumbua kwa muda mrefu zaidi, pamoja na nyama kavu. Vikitafunwa huwa donge linalonata, na donge hilo linaweza kukwama kwenye njia nyembamba. Kwa Mswahili, Msukuma au Mluhya, kuambiwa asile ugali kwa miezi ni karibu sawa na kuambiwa asile. Watu wengi huweza kurudi kula kidogo baadaye, lakini kwa mpangilio mpya: protini kwanza, mboga zinafuata, na ugali mwisho kama nafasi imebaki.

Namna ya kula ina uzito sawa na kinacholiwa. Mlo uchukue dakika 20 hadi 30. Kijiko kiwe cha chai. Kila tonge litafunwe hadi liwe laini kabisa. Maji yasinywewe pamoja na chakula, na baada ya kula asubiri nusu saa. Sinia la pamoja ambalo watu watano wanachota kwa mkono halimfai mtu wa namna hii, kwa sababu mwendo wa kula huamuliwa na wenzake. Atengewe sahani ndogo, na asiulizwe kwa nini hamalizi.

Dalili ya kushiba nayo hubadilika. Badala ya tumbo kujaa, mgonjwa husikia kitu kinabana chini ya kifua, au kwikwi, au kamasi zinaanza kumtoka ghafla. Tonge moja baada ya dalili hiyo ndilo hutapisha.

Kutapika, na dripu ya glukosi

Hili ndilo jambo ambalo, kwa maoni yangu, kila kituo cha afya cha ukanda huu kinapaswa kulijua, hata kama hakitawahi kufanya upasuaji wa aina hii.

Kutapika mara moja kwa sababu ya kula haraka ni kawaida. Kutapika kila siku si kawaida, na hatari yake si ya maji peke yake. Mwili una akiba ndogo sana ya vitamini B1, iitwayo pia thiamini. Mtu asiyekula na anayetapika anaweza kuimaliza akiba hiyo katika wiki mbili au tatu. Ikiisha, ubongo na mishipa ya fahamu huanza kuumia. Mgonjwa anaona vitu viwili viwili, macho yanachezacheza, anayumba anapotembea, anachanganyikiwa, au miguu inakufa ganzi. Unaitwa ugonjwa wa Wernicke. Ukichelewa kutibiwa unaweza kuua, au kumwachia mtu upotevu wa kumbukumbu wa kudumu.

Sasa fikiria njia ya kawaida ya mgonjwa wa kwetu. Amepasuliwa nje ya nchi, amerudi, wiki ya tano anatapika mfululizo na hana nguvu. Anapelekwa zahanati ya karibu. Anapimwa malaria, anaonekana ameishiwa maji, anatundikiwa dripu ya glukosi. Nia ni njema. Lakini mwili hutumia thiamini kuichoma glukosi, na kwa mtu aliyekwisha kupungukiwa, dripu hiyo inaweza kumaliza kilichobaki na kuuangusha ubongo ndani ya muda mfupi. Kanuni ya kitabibu ni thiamini kwanza, kwa sindano, kisha ndipo glukosi. Thiamini ni dawa ya zamani na si ya bei kubwa. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kumwambia mhudumu: huyu alifanyiwa upasuaji wa tumbo mwezi uliopita.

Na mara nyingi mhudumu haambiwi kwa sababu hata familia haikuambiwa. Dalili zenyewe zinapotosha. Mtu anayeongea yasiyoeleweka na kuyumba anaweza kuchukuliwa kuwa ana kiharusi, malaria iliyopanda kichwani, au mashetani, na kila jibu kati ya hayo lina njia yake inayopoteza siku.

Hatari ya pili ni mshono kuvuja. Hutokea kwa wachache, lakini wengi wao ni katika wiki mbili za kwanza, wakati ambao aliyesafiri huenda ameshapanda ndege ya kurudi. Mapigo ya moyo yanayozidi 120 kwa dakika mtu akiwa amepumzika, homa, maumivu ya tumbo yanayozidi, maumivu ya bega la kushoto au kupumua kwa shida ni dalili za kwenda hospitali kubwa siku hiyo hiyo, kwenye mpasuaji na kipimo cha CT. Homa kwetu hupimwa malaria, na ni sawa kuipima. Kosa ni kuishia hapo. Kupumua kwa shida pamoja na mguu mmoja kuvimba huweza pia kuwa damu iliyoganda, na safari ndefu ya ndege huongeza uwezekano huo.

Dawa zilizokuwa kabatini

Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vinavyoishusha sukari kwa nguvu hawezi kuendelea na dozi ya zamani huku akinywa supu vikombe vitatu. Sukari itashuka mno. Vivyo hivyo kwa dawa za presha, hasa zile za kukojoa, ambazo humkausha mtu asiyekunywa vya kutosha. Dozi hizi hupangwa upya na daktari kabla mgonjwa hajatoka wodini, si baada ya kuzimia.

Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo hapa kwetu zinanunuliwa duka la dawa kama pipi, zinapaswa kuepukwa, hasa na aliyefanyiwa upasuaji wa kuunganisha kifuko na utumbo, kwa sababu huleta vidonda kwenye maungio. Vitamini, kinyume chake, huwa za maisha yote: vitamini mchanganyiko, kalsiamu, vitamini D, madini ya chuma na B12, pamoja na vipimo vya damu vya mara kwa mara. Gharama hiyo haimo kwenye tangazo.

Puto, kwa wanaouliza, si upasuaji. Huingizwa kupitia mdomoni, hujazwa maji au hewa na hutolewa baada ya miezi, mara nyingi sita. Siku chache za kwanza kichefuchefu huwa kikali, na hapo nako mtu huanza kwa vinywaji na kupanda ngazi taratibu. Tofauti ni kwamba likitolewa, tumbo linarudi kama lilivyokuwa.

Siri na maneno ya watu

Wagonjwa wengi huficha. Sababu zinaeleweka. Katika jamii ambazo mwili mnene ulihesabiwa kuwa ni neema, na mwili uliopungua ghafla ukahusishwa na UKIMWI kwa miongo kadhaa, mtu aliyepoteza kilo 15 ndani ya mwezi mmoja ataulizwa "unaumwa?" kabla hajasalimiwa. Wengine huogopa kuambiwa wamechukua njia ya mkato.

Lakini siri ina bei yake mezani. Asiyejua kuwa shangazi amepasuliwa atamjazia sahani ya pilau kwenye shughuli na kukaa pembeni kuhakikisha anaila. Katika desturi yetu, kukataa chakula cha mwenyeji ni kumvunjia heshima. Mgonjwa anakula matonge manne kwa haya, kisha anakwenda kutapika msalani. Si lazima ukoo mzima ujue. Anayepika nyumbani ajue, na mtu mmoja wa kwenda naye kwenye shughuli ajue.

Swali la Ramadhani nalo huulizwa mapema. Wataalamu wengi hushauri mtu asifunge katika mwaka wa kwanza, kwa sababu lita moja na nusu haiwezi kuingizwa kati ya magharibi na alfajiri kwenye tumbo la namna hiyo. Dini yenyewe ina ruhusa kwa mgonjwa, na mazungumzo na daktari pamoja na sheikh yanafaa yafanyike kabla ya kuchagua tarehe ya upasuaji. Wanaofunga Kwaresima wakiacha nyama, mayai na maziwa wanahitaji mazungumzo kama hayo kuhusu protini.

Kwa wanawake, na ndio wengi, kuna la ziada. Uzito ukishuka, uwezo wa kushika mimba unaweza kurudi haraka hata kwa aliyekaa miaka bila kupata mtoto. Ushauri ni kusubiri miezi 12 hadi 18, kwa sababu mwili unaopungua kwa kasi hauna akiba ya kumlisha mtoto. Vidonge vya uzazi wa mpango huenda visifanye kazi ipasavyo baada ya upasuaji wa kuunganisha utumbo, hivyo njia nyingine, kama kipandikizi au kitanzi, ijadiliwe kabla.

Nani anabeba jukumu?

Serikali za ukanda huu zimeweka nguvu katika kuleta huduma za kibingwa nyumbani ili watu wasisafiri, na kwa upasuaji huu hoja hiyo ina nguvu kuliko kwa mwingine wowote, kwa sababu unahitaji kurudi kliniki mara kwa mara. Mpasuaji aliye Istanbul hawezi kumpima mapigo mtu aliye Morogoro. Lakini hata huduma ya ndani haitakuwa na maana ikiwa mtaalamu wa lishe anakutana na mgonjwa mara moja, siku ya kuruhusiwa, na kumpa karatasi ya Kiingereza yenye vyakula vya Ulaya. Mwongozo unaomwambia mtu ale jibini laini na unga wa protini bila kutaja dagaa, choroko wala mtindi, umeandikwa kwa ajili ya mtu mwingine.

Anayelipia, awe mgonjwa, mwajiri au bima, ana haki ya kuuliza bei ya mwaka mzima na siyo ya siku tatu: miadi mingapi, vipimo vya damu vingapi, nani anapokea simu usiku.

Na kabla ya kuondoka hospitalini, popote ilipo, mgonjwa adai karatasi moja yenye mambo machache: aina ya upasuaji na tarehe yake, dawa zilizositishwa na zilizobadilishwa dozi, dawa asizopaswa kupewa, namba ya simu ya timu iliyompasua, na sentensi moja iliyoandikwa kwa herufi kubwa, kwamba akitapika mfululizo apewe thiamini kabla ya glukosi. Karatasi hiyo ikae pamoja na kadi yake ya kliniki, ipigwe picha kwenye simu, na mtu anayeishi naye ajue ilipo.